Kila Saa Nne

Nesi Singano alisema: mililita tano, kila saa nne.
Nikaitikia upesi, nikaikunja karatasi,
nikaitia mfukoni pamoja na risiti ya tairi.
Mimi fundi baiskeli. Ukiniambia spana kumi, naleta kumi.
Basi saa nne asubuhi nikampa,
saa nne usiku nikampa,
na katikati yake mama aliuma kanga
hadi jina lake likatoboka.

Siku tatu.
Sikujua kwamba zile saa zilikuwa za kuhesabiwa,
si za kusubiriwa.

Siku ya nne Singano akaja mwenyewe, mnyororo umelegea,
akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha,
akauliza mbona imejaa.
Nikamjibu kwa fahari: sijakosa saa nne hata moja.
Alinyamaza.
Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani,
akaandika kwa kalamu nyekundu:
saa kumi na mbili, saa nne, saa nane,
halafu zianze tena, usiku na mchana.
Hakunigombeza.
Ningependa angenigombeza.

Kwenye fomu yake palikuwa na mstari, sifuri hadi kumi,
na vijiuso: cha kwanza kinacheka, cha mwisho kinalia.
"Maumivu yako wapi hapa, Bi Mwanakheri?"
Mama akavitazama kama watoto wa jirani waliomkosea adabu.
"Mimi mzaliwa wa Ngamiani. Niulize barabara."
Singano akakata kumi, akaandika ishirini.
"Haya. Leo yako barabara ya ngapi?"
"Kumi na tisa. Na yanakuja mbio,
kama wageni waliosikia pilau imepakuliwa."

Shangazi Mwanjaa akasimama mlangoni, hakuvua viatu:
"Hiyo si ndiyo ya mateja? Mtamzoesha."
Mama, macho yamefumba:
"Nizoee, wifi.
Maumivu nimeyazoea mwaka mzima,
sikuona mtu aliyekuja kunionya."

Jioni, barabara ya kumi na nne.
Usiku wa manane, ya tisa; akaomba chai, akaiacha.
Alfajiri akaniambia kucha zangu zina grisi,
nikajua yamerudi nyuma sana,
maana ana nafasi ya kunitazama.

Dawa yenyewe, anasema Singano, ni unga na maji
na rangi kidogo ya kuitambulisha.
Bei yake haifiki tairi la nyuma.
Lakini kabati lina kufuli mbili,
ufunguo mmoja kwa mfamasia,
wa pili umekwenda semina Dodoma.
Nilikaa benchini na mzee wa Mabokweni,
ameshika chupa tupu ya juisi aliyoiosha hadi ikang'aa.
Mkewe yuko nyumbani.
Tuliambiwa turudi Jumatatu.
Ilikuwa Alhamisi.
Mzee akauliza, kwa upole kabisa, kama muuliza njia:
"Na yeye nimwambie asubiri kwa kutumia nini?"
Dirisha likafungwa.

Sisi tulikuwa na akiba ya siku mbili.
Sikumgawia. Sheria, nilijiambia.
Hilo nalo nimelala nalo.

Mama aliondoka Jumanne, baada ya saa nane.
Nilimuuliza, kwa mazoea tu.
"Ya pili," akasema. "Nasikia reli."
Hakufika ya kwanza, au alifika
na hakuona haja ya kuniambia.

Chupa nimeirudisha, nimetia sahihi.
Saa ya mkononi Singano ameikataa.
"Kaa nayo. Kuna mama Mwanzange,
mwanawe seremala, nimempa maelezo jana,
ameitikia upesi mno.
Nenda kamweleze saa nne ni nini."

Nimemkazia mnyororo wake.
Ni saa tano kasoro.
Kama ameelewa nilivyoelewa mimi,
mamake ameshapewa, na hatapewa tena hadi usiku.
Nakanyaga pedeli.